Bei ya Kidonge si Bei ya Tiba

Dawa za pumu zenye umri mrefu kama aminofilini ni chache. Iliundwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ikaanza kudungwa katika mishipa ya wagonjwa wa pumu katika miaka ya 1930, na mpaka leo ampuli zake zimo kwenye kabati za hospitali nyingi, kubwa na ndogo. Viwanda vingi huitengeneza, hataza yake ilikwisha zamani, bei yake ni ndogo, na vizazi vya madaktari na wauguzi vimerithishana namna ya kuitumia. Makala haya yanatetea hoja moja: unafuu huo unaishia dukani. Ukiifuata molekuli yenyewe kutoka maabara ilikozaliwa hadi ndani ya mwili wa mgonjwa, utaona kwamba hii ni dawa inayodai maabara, mizani, saa na mhudumu asiyebanduka kitandani. Mahali pasipo na vitu hivyo ndipo inapotegemewa zaidi kwa sababu ya bei yake, na ndipo inapomgharimu mgonjwa zaidi. Kwa hiyo haistahili tena kuwa chaguo la kwanza la mwenye pumu, wala la mtoto njiti pale ambapo ndugu wa karibu wa dawa hii, kafeini, anaweza kupatikana.

Ndugu hao wote wanatoka katika ukoo mmoja, ukoo wa zanthini. Zanthini ni kampaundi ambayo hata mwili wa binadamu huitengeneza kila siku, unapovunjavunja vijenzi vya chembe za urithi. Baadaye huigeuza kuwa asidi ya yuriki, ile ambayo ikizidi hujikusanya kwenye viungo na kuleta ugonjwa wa jongo. Kiunzi chake ni pete mbili za atomi zilizoungana ubavu kwa ubavu, moja ya atomi sita na nyingine ya atomi tano, zikiwa na nitrojeni nne kati yake. Wanakemia wamezipa atomi za pete hizo namba, na namba hizo ndizo zinazobeba kisa chote. Chukua kikundi cha methili, yaani kaboni moja yenye hidrojeni tatu, ukipachike kwenye nafasi ya 1, ya 3 na ya 7: umepata kafeini, ile inayochangamsha ndani ya kahawa na chai. Ukiacha nafasi ya 1 wazi na kujaza ya 3 na ya 7, unapata theobromini ya kakao. Ukijaza ya 1 na ya 3 na kuiacha ya 7, unapata theofilini. Theobromini na theofilini zina hesabu moja ya atomi: kaboni 7, hidrojeni 8, nitrojeni 4 na oksijeni 2. Zinatofautiana kwa mahali pa methili moja tu, lakini ya kwanza haiusumbui sana ubongo, na ya pili ikizidi huweza kumtia mtu degedege.

Zote tatu zilipatikana kwanza katika mimea. Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga kafeini kutoka kwenye buni mwaka 1819, Alexander Voskresensky akaipata theobromini ndani ya kakao mwaka 1841, na mwaka 1888 Albrecht Kossel, ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya vijenzi vya kiini cha seli, akaigundua theofilini katika majani ya chai. Lakini theofilini ya kwenye chai ni kidogo mno. Kikombe cha chai, iwe ya Kericho au ya Mufindi, kina makumi kadhaa ya miligramu za kafeini, na theofilini yake haifikii kiasi cha kutibu chochote. Dawa isingeweza kutegemea shamba, ilibidi iundwe. Emil Fischer alionyesha njia mwaka 1895 alipoiunda kafeini maabarani, na mwaka 1900 Wilhelm Traube akabuni mfuatano wa hatua ambao msingi wake unatumika mpaka sasa: unaanza na yurea iliyokwisha kubeba methili mbili, unaiunganisha na asidi ya sianoasetiki ili kupata pete ya kwanza, unaongeza nitrojeni pembeni, kisha unaifunga pete ya pili kwa asidi ya fomiki. Ubora wa njia hii ni kwamba methili zimewekwa mahali pake tangu mwanzo, kwa hiyo mwanakemia hapati mchanganyiko wa ndugu watatu bali yule mmoja anayemtaka.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa maji. Theofilini huyeyuka kwa shida. Mililita moja ya maji hubeba takriban miligramu 8 tu, na mshipa haupokei dawa isiyoyeyuka. Ndipo ikachanganywa na ethilenidiamini, kampaundi ndogo yenye asili ya alkali, kwa uwiano wa molekuli mbili za theofilini kwa moja ya ethilenidiamini. Hiyo ndiyo aminofilini. Ndani ya mwili viwili hivyo huachana, na kinachofanya kazi ni theofilini peke yake, ambayo ni takriban asilimia 80 ya uzito wote. Ampuli ya kawaida yenye miligramu 250 za aminofilini, basi, inampa mgonjwa takriban miligramu 200 za dawa halisi. Asiyezingatia tofauti hiyo anapobadilisha kutoka sindano kwenda kidonge cha theofilini anaweza kumzidishia mgonjwa dozi kwa robo nzima bila kujua. Ethilenidiamini yenyewe haitibu, na kwa watu wachache huleta mzio wa ngozi. Myeyuko huo pia ni wa alkali: ukiachwa wazi hunyonya kaboni dioksidi ya hewani, na theofilini huanza kujitenga kuwa fuwele. Kwa hiyo hata kabla ya kumgusa mgonjwa, dawa hii tayari inadai hesabu na uangalizi.

Kazi yake ya kwanza haikuwa pumu. Mwanzoni mwa karne iliyopita theofilini ilitumiwa kuongeza mkojo kwa wagonjwa waliovimba kwa sababu ya moyo dhaifu. Dalili kwamba ukoo huu unafungua njia za hewa zilikuwepo mapema: mwaka 1859 daktari wa Uingereza Henry Hyde Salter, ambaye mwenyewe aliugua pumu, alikuwa ameandika kwamba kahawa kali ni miongoni mwa tiba bora za ugonjwa huo. Mwaka 1922 Samson Hirsch wa Ujerumani alieleza jinsi theofilini ilivyowapa nafuu wagonjwa wachache wa pumu, na kuanzia mwaka 1937 madaktari wa Marekani wakaripoti mafanikio ya kudunga aminofilini mshipani kwa wagonjwa waliozidiwa. Kumbuka walikuwa na nini kingine wakati huo: adrenalini, efedrini na vitu vichache zaidi. Salbutamoli ya kuvuta, dawa ya kufungua mirija ya hewa, iliingia sokoni mwaka 1969, na beklometasoni ya kuvuta, steroidi ya kutuliza uvimbe wa mirija hiyo, ikafuata mwaka 1972. Kwa zaidi ya miaka 30, basi, aminofilini ilitawala kwa haki. Sifa yake ilijengwa katika enzi ambayo haikuwa na mshindani wa maana.

Inavyofanya kazi, na inavyodhuru

Swali la namna inavyofanya kazi lilijibiwa kwa awamu. Mwaka 1962 Reginald Butcher na Earl Sutherland walionyesha kwamba theofilini huzuia kimeng'enya kiitwacho fosfodiesterasi, ambacho kazi yake ni kuvunja kijumbe cha ndani ya seli kinachofupishwa kwa herufi cAMP. Kijumbe hicho kikiongezeka katika misuli inayozunguka mirija ya hewa, misuli hulegea na hewa hupita. Sutherland alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1971 kwa uchunguzi wake juu ya vijumbe vya aina hiyo, na maelezo hayo yakaingia vitabuni. Lakini yalikuwa na upungufu. Kiasi cha theofilini ambacho damu ya mgonjwa inaweza kukibeba kwa usalama huzuia sehemu ndogo tu ya fosfodiesterasi. Ili kimeng'enya hicho kizimwe sawasawa kunahitajika dozi ambayo mgonjwa hawezi kuistahimili. Hilo ni jambo la kuzingatia: kazi tunayoitaka kutoka kwa dawa hii inaanza tu kushika kasi pale inapokaribia sumu.

Maelezo ya pili yanahusu adenosini. Hiki ni kijumbe ambacho mwili hukitoa sehemu nyingi sana: katika ubongo hujikusanya tunapokesha na kutuvuta usingizini, katika moyo hupunguza kasi ya mapigo, katika figo husaidia kudhibiti mkojo, na kwa mwenye pumu akikivuta puani au mdomoni hubana mirija ya hewa. Adenosini hufanya kazi kwa kuketi kwenye vipokezi maalumu vilivyo juu ya seli. Umbo la theofilini na kafeini linafanana kiasi na lake, kwa hiyo huweza kuketi pale pale bila kutoa amri yoyote, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenyekiti wa kikao na asiendeshe kikao. Amri ya kulala haitolewi, ndiyo maana kahawa inakesha nasi. Amri ya moyo kwenda polepole haitolewi, ndiyo maana mapigo yanapanda. Tofauti ya dozi ndiyo inayotenganisha kichangamsho cha asubuhi na hatari ya kitandani, kwa sababu vipokezi vya adenosini vya ubongo vikizibwa kupita kiasi, mfumo unaoituliza mishipa ya fahamu unakosa kauli, na degedege huweza kufuata.

Tukiziweka pamoja kazi hizi mbili tunaelewa kwa nini madhara ya aminofilini si ajali wala bahati mbaya. Kichefuchefu na kutapika hutokana kwa sehemu kubwa na kuzuiwa kwa fosfodiesterasi ile ile ambayo kuzuiwa kwake kunalegeza mirija ya hewa. Mapigo ya moyo kwenda mbio au kupoteza mpangilio, kukosa usingizi, mikono kutetemeka na mkojo kuongezeka hutokana na kuzuiwa kwa vipokezi na vimeng'enya vilivyotapakaa mwili mzima. Dawa inayomezwa au kudungwa mshipani haina njia ya kujua kwamba tumeilenga mirija ya hewa tu. Salbutamoli ya kuvuta nayo hupandisha mapigo, lakini huingia moja kwa moja panapohitajika kwa dozi inayohesabiwa kwa mikrogramu, wakati aminofilini huzunguka mwili wote kwa mamia ya miligramu.

Je, kosa ni la kiunzi cha zanthini chenyewe? Kemia ya baadaye inasema sivyo. Wanakemia wameendelea kupachika vikundi vingine kwenye kiunzi hicho hicho na kupata dawa zenye tabia tofauti kabisa. Ukiichukua theobromini na kuweka mnyororo wa kaboni sita wenye oksijeni kwenye nafasi ya 1, unapata pentoksifilini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1984 kwa watu wanaopata maumivu ya miguu watembeapo kwa sababu ya mishipa ya damu iliyobana. Huzifanya chembe nyekundu za damu zijipinde kwa urahisi zaidi. Ukijaza nafasi ya 8 kwa mkono mrefu wenye pete nyingine, unapata istradefilini, ambayo hukizuia kipokezi kimoja tu miongoni mwa vinne vya adenosini, na imeidhinishwa Japani mwaka 2013 na Marekani mwaka 2019 kusaidia wagonjwa wa Parkinson. Linagliptini, kidonge cha miligramu 5 kwa siku kwa wenye kisukari, nacho kimejengwa juu ya zanthini, ingawa kinalenga kimeng'enya ambacho theofilini haihusiani nacho katika tiba. Mifano hii haina maana kwamba kila dawa mpya ni bora. Pentoksifilini, kwa mfano, ilipojaribiwa Uingereza kwa wagonjwa mahututi wa ini lililoharibiwa na pombe, matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba haikuwaongezea maisha. Mifano hiyo inathibitisha jambo jingine: kiunzi hiki kinaweza kufundishwa kuchagua. Theofilini haikufundishwa. Ilichukuliwa kama ilivyokutwa kwenye jani la chai, na kutochagua huko ndiko tunakokulipia.

Saa isiyofanana kwa watu wawili

Malipo hayo yanaonekana wazi tunapopima kiasi cha dawa ndani ya damu. Kwa miaka mingi lengo lilikuwa miligramu 10 hadi 20 kwa kila lita ya plazima, na wataalamu wengi sasa huridhika na 5 hadi 15. Juu ya 20 kutapika na mapigo ya kasi huwa ya kawaida. Kiasi kikizidi kupanda, moyo kupoteza mpangilio na degedege huwa hatari za kweli. Kutoka dozi inayosaidia hadi dozi inayodhuru ni hatua fupi kuliko ilivyo kwa dawa nyingi tunazozitumia. Tena tusidhani kwamba kutapika kutatuonya mapema. Kwa mgonjwa aliyetumia dawa hii siku nyingi, hasa mzee, degedege laweza kuwa dalili ya kwanza, na degedege la theofilini ni gumu kulizima. Isitoshe, ini huishughulikia dawa hii kwa uwezo wenye kikomo, na kwa baadhi ya wagonjwa nyongeza ndogo ya dozi hupandisha kiasi cha damuni kuliko hesabu ya kawaida inavyotabiri.

Hata dozi ile ile haitoi jibu lile lile kwa watu wawili. Theofilini huondolewa zaidi na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP1A2, na kasi ya kimeng'enya hicho hubadilika kutokana na maisha ya mtu. Kwa mtu mzima asiyevuta sigara, nusu ya dawa huondoka katika saa 8 hivi. Kwa mvutaji, moshi umelichochea ini na muda huo hushuka hadi saa 4 au 5. Kwa mtoto njiti, ambaye ini lake bado halijakomaa, huweza kufika saa 20 hadi 30. Homa kali, moyo kushindwa na ugonjwa wa ini vyote huichelewesha. Kisha kuna dawa nyingine, na nyingi ni zile zilizozoeleka sana katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki. Siprofloksasini na erithromisini huzuia uondoaji wa theofilini na kuipandisha damuni. Rifampisini ya kifua kikuu na fenobabito ya kifafa huuharakisha na kuishusha. Mgonjwa wa pumu aliyeanza tiba ya kifua kikuu atakuta dawa yake ya pumu haimfai tena. Akimaliza tiba hiyo bila dozi kurekebishwa, atakuwa amepandishiwa theofilini bila kumeza hata kidonge kimoja cha ziada. Na aliyenunua siprofloksasini bila cheti kwa ajili ya tumbo anaweza kujikuta na moyo unaokwenda mbio, asijue kwamba dawa mbili zimekutana kwenye ini lake.

Katika hospitali yenye maabara ya kupima kiasi cha theofilini damuni, yote haya yanaweza kusimamiwa. Sampuli huchukuliwa, namba husomwa, dozi hurekebishwa, na mashine ya moyo huachwa ikitazama. Lakini kipimo hicho hakipo katika vituo vingi vya afya vya wilayani, na hata kingekuwepo, jibu lake lingepaswa kurudi ndani ya saa chache ili liwe na faida. Dozi ya kuanzia ya mshipani, kwa kawaida miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, inatakiwa kuingia polepole kwa dakika 20 au zaidi, na mgonjwa aliyekwisha kumeza theofilini nyumbani hatakiwi kupewa dozi hiyo bila kujua kilichomo damuni. Mgonjwa anayehema hawezi kueleza vizuri alichomeza, na vipo vidonge vinavyochanganya theofilini na efedrini ambavyo watu huviita tu vidonge vya pumu. Bei ya ampuli haihesabu kipimo kisichofanyika, wala muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi, wala siku za ziada wodini.

Ushahidi na pingamizi

Mtu angeweza kuvumilia hatari zote hizo kama faida ingekuwa kubwa. Watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio ya kitabibu juu ya watu wazima wenye shambulio la pumu waliokuwa wakipewa dawa za kuvuta za kundi la salbutamoli, wakawalinganisha walioongezewa aminofilini na wasioongezewa. Mapitio yao ya mwaka 2012 hayakuona faida ya maana katika kufunguka kwa mirija ya hewa. Waliona madhara: kwa kila wagonjwa 100 waliopewa aminofilini, 20 zaidi walitapika na 15 zaidi walipata mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida. Kwa watoto wenye shambulio kali, mapitio mengine yalionyesha kwamba mapafu yalipata nafuu kidogo katika saa za mwanzo, lakini muda wa kulazwa haukupungua, na kutapika kuliongezeka. Mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA haupendekezi aminofilini ya mshipani katika mashambulio ya pumu. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, katika sehemu ya pumu, imezitaja budesonaidi, budesonaidi pamoja na formoteroli, salbutamoli na nyingine, aminofilini haimo.

Pingamizi la kwanza ni la wale walioona kwa macho yao aminofilini ikimrudishia mgonjwa pumzi, na halistahili kudharauliwa. Ni kweli kwamba theofilini hulegeza mirija ya hewa, na ni kweli kwamba kwa miongo mingi iliokoa watu ambao wasingekuwa na msaada mwingine. Lakini mgonjwa huyo kwa kawaida hupewa pia salbutamoli, oksijeni na steroidi, na jicho la mtu mmoja kando ya kitanda haliwezi kutenganisha kipi kimeleta nafuu. Ndiyo kazi ya majaribio yanayogawa wagonjwa kwa bahati nasibu: kutenganisha kile ambacho jicho haliwezi. Majaribio yamejibu kwamba nafuu ile ingekuja hata bila aminofilini, na kutapika na mapigo ya hovyo yasingekuja. Mgonjwa mahututi ambaye tiba nyingine zote zimeshindwa, aliye mikononi mwa bingwa na chini ya mashine ya moyo, ni suala jingine, na huko dawa hii bado ina nafasi yake ndogo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: inhela ni ghali, mara nyingi hazipo, na nebulaiza, mashine ya kuvutia dawa, inahitaji umeme. Hapa ushahidi wa Afrika yenyewe unatusaidia. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya jaribio walilowapa watoto wenye pumu salbutamoli ya kuvuta kupitia vyombo vya aina mbalimbali vya kuunganisha inhela na mdomo. Chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa tundu la inhela kisha ikazibwa vizuri kandokando, ilifanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Inhela moja ya salbutamoli kwa kawaida ina dozi 200, na inaweza kutumika pasipo umeme. Kwa hiyo tatizo la upatikanaji ni la kweli, lakini ni tatizo la manunuzi na vipaumbele, na jibu lake ni kuziweka inhela za salbutamoli na za steroidi katika bajeti na katika bima. Steroidi ya kuvuta hasa ndiyo isiyopaswa kusahauliwa, kwa sababu pumu ni ugonjwa wa uvimbe, na anayetegemea dawa ya kufungua mirija peke yake, iwe aminofilini au salbutamoli, anatuliza dalili huku chanzo kikiendelea.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wanasayansi. Mwaka 2002 timu ya Kazuhiro Ito na Peter Barnes mjini London ilionyesha kwamba theofilini kwa kiasi kidogo, chini ya kile kinacholegeza misuli, huamsha kimeng'enya kinachosaidia kuzima jeni za uvimbe na kuzifanya steroidi zifanye kazi vizuri zaidi. Likazuka tumaini jipya: dozi ndogo, bei ndogo, madhara machache, na faida kwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu unaotokana na moshi. Tumaini hilo lilikuwa la haki na lilijaribiwa kwa haki. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa zaidi ya 1,500, uliongeza theofilini ya dozi ndogo juu ya steroidi za kuvuta kwa mwaka mzima. Idadi ya mara ambazo ugonjwa ulizidi haikupungua. Nadharia nzuri ya maabarani haikutafsirika kuwa pumzi kwa mgonjwa, na hatuwezi kuendelea kuandika dawa kwa nguvu ya nadharia peke yake.

Inabaki wodi ya watoto wachanga, na huko kemia inatupa somo lake lililo wazi kuliko yote. Mtoto njiti husahau kupumua, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoamuru pumzi haijakomaa, na dawa za ukoo wa zanthini huiamsha kwa kuzuia adenosini. Kwa muda mrefu aminofilini ndiyo iliyotumika kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kabatini. Lakini ini la mtoto njiti lina tabia ya pekee: huipachika theofilini methili kwenye nafasi ya 7, na kuigeuza kafeini. Anayempa mtoto huyo aminofilini kwa kweli anampa mchanganyiko wa dawa mbili ambao hajui uwiano wake. Kafeini yenyewe hukaa mwilini mwake muda mrefu, nusu yake ikiondoka katika saa 100 hivi, kwa hiyo dozi moja kwa siku hutosha na kiasi cha damuni hakipandi na kushuka. Ulinganisho wa dawa hizi mbili umeonyesha kwamba nguvu yao ya kuzuia kukatika kwa pumzi inakaribiana, ila kafeini hupandisha mapigo na kusumbua unyonyeshaji kwa kiasi kidogo zaidi. Jaribio kubwa lililoongozwa na Barbara Schmidt, lenye watoto 2,006 waliozaliwa na uzito wa gramu 500 hadi 1,250, liliwalinganisha waliopewa kafeini na wasiopewa. Katika umri wa karibu miezi 18 hadi 21, waliofariki au kuwa na ulemavu walikuwa asilimia 40.2 kwa waliopata kafeini na asilimia 46.2 kwa wengine, na mtindio wa ubongo ulishuka kutoka asilimia 7.3 hadi 4.4. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kafeini kwa watoto njiti wanaokatika pumzi.

Yanayotakiwa kufanywa, basi, si makubwa kupita uwezo wetu. Wanaopanga manunuzi ya dawa waache kulinganisha bei ya ampuli na bei ya inhela kana kwamba ni bidhaa mbili za aina moja. Walinganishe gharama ya kumtibu mgonjwa mmoja hadi atoke wodini akiwa salama. Hospitali zenye wodi za njiti ziipe kafeini sitreti nafasi ya kwanza katika orodha zao. Wauza dawa waulize kila anayenunua siprofloksasini au erithromisini kama anatumia kidonge cha pumu. Na mgonjwa ambaye leo anatumia aminofilini au theofilini asiiache ghafla kwa kusoma makala. Amwendee daktari, amtajie kila dawa anayomeza, amweleze kama anavuta sigara, na aulize kama steroidi ya kuvuta inaweza kuchukua nafasi yake. Molekuli hii ilitufaa tulipokuwa hatuna nyingine, na ilitufundisha mengi juu ya adenosini na vijumbe vya seli ambayo yamezaa dawa zinazojua kuchagua. Kuendelea kuipa kazi ambayo wengine wanaifanya vizuri zaidi, mahali ambapo hakuna kipimo cha kuilinda, ni kumlipisha mgonjwa maskini tofauti ya bei ambayo bajeti imekwepa kuilipa.